Mkia Niliouagiza Tanga

Miaka kumi na tisa nimeuza samaki wa bahari katika mji usio na bahari, na nimeuza kwa ujasiri ambao wengine huuita kiburi. Waite watakavyo. Banda langu liko Kaloleni, hapa Arusha, hatua chache kutoka uwanja wa mpira, na siku ya mechi harufu ya nazi yangu huwatoa watu kwenye foleni ya tiketi. Jina langu ni Mwanamkuu, lakini hapa naitwa Mama Shamsudin, au Mama wa Pwani, au kwa wale wasionipenda, yule mama wa samaki mwenye mdomo.

Ukuta wangu wa kushoto ndio ukuta wa kulia wa bucha ya Mzee Lesian. Lesian ni Mwarusha wa Olmotonyi, amevuka miaka sitini, mrefu, masikio yametogwa zamani, na ana mkono wa kulia ambao nusu ya mji inaujua. Yule mzee akishika kisu, mbuzi anaachia viungo vyake kama aliyeombwa kwa adabu. Hagongi mfupa wala hachani nyama. Anatafuta maungio kwa kidole gumba, anapitisha ncha ya kisu, kazi imekwisha. Watu hutoka Sakina na Njiro kuja kula mbavu kwake. Na kwao, mlimani, penye sherehe yoyote ya ukoo yeye ndiye huitwa kukata na kugawa, kwa sababu kwao kila kipande kina mwenyewe, na ukimpa mtu kipande kisicho chake umemtukana mbele ya wakwe.

Tulianza kutaniana siku ya kwanza niliyofungua banda na hatujaacha.

"Mama Shamsudin," huniambia akipita na sinia lake la mbavu, "wewe unauza wadudu. Mnyama ana kwato."

"Na wewe unauza moshi," namjibu. "Nyama yenyewe sijaiona bado."

Mdogo wake, Yoeli, anayeshughulikia jiko la choma na ugali, hucheka peke yake kule nyuma. Ndiyo maisha yetu. Nayapenda, na sioni haya kusema hivyo.

Matata yaliletwa na taa.

Kwa wasiomjua, taa ni samaki bapa, mpana kama sinia la biriani ukimpata mdogo, ngozi ya kahawia yenye madoa ya buluu yanayopendeza kama kitenge kipya. Huyo mdogo ndiye ninayemzungumzia. Hakai mbali baharini. Analala mchangani, kwenye maji yasiyofika goti, amejifunika mchanga mpaka macho tu yabaki nje. Nyama yake ukiipika na nazi, bamia na ndimu, unasahau ulikuja na njaa gani. Lakini mkiani ana mwiba, wakati mwingine miwili, wenye meno yaliyoelekea nyuma na sumu iliyofunikwa na ngozi nyembamba. Ndiyo maana wavuvi humkata mkia kwa panga palepale ufukweni, kabla hajaingia hata kwenye kapu. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa napokea taa asiye na mkia, mara nyingi ameshachunwa na kukatwa vipande.

Jumamosi moja akaja Mwalimu Elinami. Huyu ni mama mstaafu wa Kikwe, amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na tano, na hajaacha kufundisha kwa sababu ndogo kama kustaafu. Alikula taa wangu wa nazi, akamaliza, akafuta mdomo, akasema kwa sauti ya darasani:

"Mama, mchuzi mzuri. Ila huyu ni kambale."

Kambale! Mbele ya watu kumi na mmoja, niliwahesabu. Kambale wa matope, mimi, Mama wa Pwani! Nilimwambia huyu ni taa wa Tanga, alishuka kwenye basi jana asubuhi. Mwalimu akatabasamu vile walimu wanavyomtabasamia mtoto anayesema daftari lililiwa na mbuzi.

Nilikereka siku tatu. Ya nne nikampigia Selemani, binamu yangu wa Tanga anayeninunulia samaki kwa wavuvi na kuwapakia kwenye deli la barafu.

"Kuanzia wiki hii nitumie taa mzima," nikamwambia. "Kichwa, ngozi, mkia wake. Nataka watu wamuone."

"Dada, mkia huwa hatutumi. Una mwiba."

"Mwiba naujua kuliko wewe."

Hapo nilisema neno kubwa kuliko mimi. Ukweli ambao sikuwa nimewahi kuutoa nje ya nyumba yangu ni huu: mimi nilizaliwa hapahapa Kaloleni, chumba cha kupanga nyuma ya msikiti. Baba yangu ndiye aliyetoka Tanga. Bahari nimeonana nayo likizo chache za utotoni na misiba miwili ya ukubwani. Jina la Mama wa Pwani nilipewa na wateja, likanikaa vizuri, likauza samaki, nami sikulikataa. Kuhusu mwiba wa taa, nilikuwa naujua kwa siku moja tu ya maisha yangu, nikiwa na miaka tisa.

Alhamisi ile deli lilifika saa tatu asubuhi. Taa walikuwa sita, wazima, wazuri, madoa yao ya buluu bado yana rangi. Mikia ilikuwa mirefu kuliko miili, yenye miraba myeusi na myeupe. Nilimlaza mmoja juu ya gogo langu la kukatia, nje kabisa, mahali ambapo hata kipofu asingekosa kuambiwa. Watu wakaanza kusogea. Nilijiona bora, nakiri. Mwalimu Elinami mwenyewe alikuwa anavuka barabara na kikapu chake, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumpokelea.

Lesian akatoka buchani, aproni yake ina damu ya asubuhi, akamtazama yule samaki kwa muda.

"Hii nayo unaichinja vipi?"

"Huwezi, Mzee. Hii inataka fundi."

"Fundi?" Akanyoosha mkono wa kulia. "Mimi nimefungua kila kitu chenye ngozi kuanzia hapa mpaka Monduli. Lete."

Nikacheka. Hapo ndipo nilipotakiwa kuinua panga na kuukata ule mkia, tak, kisha nimpe samaki achezee. Nilijua. Nilikuwa na panga mkononi. Lakini Mwalimu alikuwa amefika, na mimi nilitaka auone mkia ukiwa mahali pake.

"Shikamoo, Mwalimu!" nikamgeukia. "Karibu. Leo nimekuandalia kambale."

"Marahaba," alisema, akainama kutazama.

Sasa sikilizeni kosa lilivyo, maana mtu wa pwani asingelifanya hata akiwa usingizini. Kwa Lesian, mnyama haanzi kufanyiwa kazi mpaka aning'inizwe. Mbuzi, kondoo, ndama, wote hupanda kwenye kulabu kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, ndipo kisu kinaingia. Ni mazoea ya mikono, hata hafikirii. Taa hana miguu ya nyuma. Ana mkia. Mzee akauzungusha ule mkia kiganjani mara moja, kama mtu anayeshika kamba ya ndama mbishi, akamnyanyua samaki juu apate kumtundika kwenye kulabu ya mlango wake.

Uzito wa samaki ukavuta, na mwiba ukaingia kwenye nyama ya chini ya kidole gumba.

Lesian hakupiga kelele. Alitoa pumzi moja ndefu, akamwachia samaki, akakaa chini kwenye sakafu ya saruji kama mtoto. Huyu ni mtu aliyetahiriwa mbele ya wazee bila kupepesa jicho, na husimulia hilo kila mwaka. Nilimtazama usoni nikaona machozi yanamtoka, jasho linamtoka, midomo imekuwa ya kijivu. Mkono uliochomwa alikuwa ameukumbatia kifuani kwa mkono wa pili.

"Nyoka!" akapiga kelele mtu nyuma. Na ukiutazama ule mkia pale chini, na miraba yake, usingemlaumu.

Yoeli alitoka jikoni mbio. Kabla sijazunguka gogo langu alikuwa ameshachukua kamba ya katani ya kufungia mbuzi, ameizungusha juu ya kiwiko cha kaka yake na kuikaza kwa mti wa mshikaki mpaka ikazama kwenye ngozi.

"Sanawari kuna mzee ana jiwe la nyoka," alisema. "Nishikilieni hapa nimfuate na bodaboda."

"Mwache atulie, asitembee," alisema Mwalimu Elinami, ameshapiga magoti. "Sumu ikiingia mkononi inafungiwa njia. Tumefundisha hivyo miaka yote. Leteni na barafu."

Wote wawili wanaheshimika. Wote wawili walisema kwa uhakika. Mimi nilitazama vidole vya Lesian vinabadilika rangi kuelekea zambarau, nikaogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa. Ule haukuwa mkono tu. Bucha yote ilikuwa kwenye ule mkono, na heshima ya yule mtu kwao, na wiki tatu mbele kulikuwa na kipaimara cha mjukuu wake, Nalepo, ambako ukoo mzima ungekaa ukimsubiri akate. Kamba ile ingekaa mpaka Yoeli aende Sanawari na kurudi, mkono ungekufa. Na aliyeuleta mwiba Arusha alikuwa mimi.

"Fungueni kamba," nikasema. "Huyu si nyoka. Dawa yake ni maji ya moto."

"Mama, tuachie," Yoeli alisema bila kunitazama.

"Yoeli, sufuria ya ugali imechemka?"

"Mama, nimesema tuachie! Kidonda cha sumu unakitia maji ya moto? Nani amekwambia?"

Swali zuri. Nani aliniambia? Bibi yangu, Hafidha, Mungu amrehemu, aliyekaa kijijini kusini mwa Tanga. Nilikuwa na miaka tisa, likizo, maji yamekupwa, nakimbia kwenye vidimbwi na watoto wa pale. Wao walikuwa wanaburuza miguu mchangani, ili taa asikie na kuondoka. Mimi, mtoto wa Arusha, nilikuwa naruka. Nilimkanyaga. Nakumbuka nilitamani wanikate mguu. Na nakumbuka ndoo, mvuke, mkono wa bibi umenikamata goti, na maumivu yakishuka polepole. Ndiyo elimu yangu yote. Ukiniuliza kwa nini maji ya moto yanafanya kazi, nilikuwa sijui.

Nikaona wasingenisikiliza mimi. Nikampigia Selemani, nikaweka sauti ya nje, nikaishika simu juu watu wote wasikie.

"Selemani, acha kila kitu. Mtu kachomwa na taa."

"Pole. Yuko maji gani?"

"Yuko Kaloleni."

"Kaloleni ya Arusha?"

"Ndiyo. Waambie hawa watu dawa yake."

"Maji ya moto," alisema mara moja, hakuna hata kuwaza. "Moto wa kuvumilika, si wa kumbabua. Atumbukize mkono humo saa moja, saa moja na nusu, mkiongeza yakipoa. Halafu hospitali, kipande cha mwiba huwa kinabaki ndani. Mmemfunga kamba? Kama mmefunga, fungueni, mtamuua mkono." Akavuta pumzi. Nilijua kinachokuja, kidole changu kikatafuta kitufe cha kukata simu, sikukiwahi. "Lakini dada, mimi si nilikwambia huo mkia tuukate? Ukasema mwiba unaujua kuliko mimi."

Nimewahi kutukanwa hadharani, nimewahi kumwagiwa mchuzi, lakini kuumbuliwa na binamu yangu mwenyewe, kwa sauti ya nje, hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Yoeli aliinua kichwa.

"Kumbe ni wewe," alisema.

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema Selemani hakusikia vizuri, mtandao mbovu, mtu mwingine kapakia. Mdomo wangu unajua kazi hiyo. Lakini nilitazama vile vidole.

"Ni mimi," nikasema. "Mkia niliuagiza mwenyewe, nikaambiwa ni hatari, nikauagiza tena. Nilitaka kumshinda Mwalimu kwa habari ya kambale. Na mimi si mtu wa pwani, mnaonisikia wote. Nimezaliwa nyuma ya msikiti pale. Lakini hiki hapa ni cha kweli." Nikavua kandambili, nikaweka mguu juu ya gogo mbele ya Yoeli, nikamwonyesha kovu upande wa kisigino, limekunjamana kama kitovu. "Nilichomwa na huyuhuyu. Nikatiwa kwenye maji ya moto. Leo natembea. Mnichukie huku mkono umo ndani ya maji, au mnichukie huku mkono unakufa. Kunichukia kupo palepale."

Yoeli aliligusa lile kovu kwa kidole. Alimtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa macho kwenye vile vidole vya zambarau.

Aliyejibu alikuwa Lesian, kutoka chini, meno yamekazana.

"Yoeli, kata kamba."

"Kaka, huyu mama..."

"Angetaka kudanganya, angeanza na lile la mkia. Kata."

Yoeli akakata. Nikaruka kwenye jiko lake, nikateka maji ya ugali, nikayamimina kwenye beseni langu la kuoshea samaki baada ya kulisuuza mara mbili, nikaongeza ya bomba. Mtu mwenye maumivu yale hajui moto uliozidi, anaweza kuungua asijue. Kwa hiyo nilitumbukiza mkono wangu kwanza. Ukauma. Nikaongeza ya baridi kidogo, mpaka nikaweza kuvumilia. Kisha nikauchukua mkono wa Lesian nikauingiza pembeni ya wangu, na wangu sikuutoa.

Tukakaa hivyo. Yeye amekaa sakafuni ameegemea mlango wa bucha yake, mimi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, beseni katikati, mikono miwili ndani yake. Dakika tano za kwanza alikuwa anauma kola ya shati. Nilimwambia maneno ya hovyo, nikamtukana mbuzi wake, nikamtukana kondoo wake, sikumbuki yote. Mwalimu Elinami alijichukulia kazi ya maji. Alisimama na chupa ya chai, anaongeza kidogo kidogo, na kila akiongeza ananiuliza, "Vipi, Mama?" nami nasema bado, au nasema basi.

Dakika ya ishirini na kitu hivi, Lesian akaachia kola.

"Inashuka," alisema.

"Inashuka wapi?"

"Ilikuwa begani. Sasa iko kwenye kiwiko."

Yoeli akakaa chini kando yetu na kufunika uso kwa mikono. Mimi nililia pia, bila kujificha, na mkono mmoja ndani ya beseni, wa pili umemshika Lesian bega, siwezi hata kujifuta. Mwalimu alinifuta kwa kona ya kanga yake. Kisha akainama juu ya yule samaki aliyelala bado pale chini, akamgeuza kwa ncha ya mwavuli wake, akamtazama vizuri.

"Ni kweli," alisema. "Huyu si kambale."

Ilipotimia saa moja na nusu tulipanda bajaji kwenda hospitali. Daktari, kijana mpole, alitoa vipande viwili vya mwiba, akaosha kidonda, akachoma sindano ya pepopunda, akaandika dawa. Alisema maji ya moto yalifanywa vizuri na kamba iliondolewa kwa wakati. Lakini kidole gumba hakujua. Mwiba ulipita karibu na mshipa unaokikunja. Kinaweza kurudi, alisema, kinaweza kisirudi. Kifanyiwe mazoezi, tusubiri.

Njiani kurudi Lesian aliuangalia mkono uliofungwa bandeji, akaniuliza swali moja tu:

"Kipaimara ni wiki tatu?"

"Wiki tatu na siku tatu," nikasema.

Asubuhi iliyofuata niliwakata mikia taa watano waliobaki, nikaifukia, nikamwambia Selemani samaki waje kama zamani. Kisha nikabandika karatasi kwenye banda: TAA WA TANGA. HAJA NA MKIA. ASIYEAMINI ASILE. Mtu mmoja alinisahihisha tahajia. Sikumjibu, jambo ambalo lilimshtua zaidi kuliko kama ningemjibu.

Bandeji ilipofunguliwa nilianza kumpelekea Lesian ndimu moja kila asubuhi. Ndimu zangu za samaki. Nilimwambia aiminye. Siku ya kwanza kidole gumba hakikuifikia kabisa, kilisimama mbali kama mgeni mlangoni. Ndimu ikaanguka, ikabiringika mpaka barabarani. Aliniangalia, nami nilienda kuiokota, nikaifuta, nikamrudishia mkononi. Ikaanguka tena. Tulifanya hivyo mara kumi na tano, wateja wangu wakisubiri, na aliyelalamika alipata jibu lake.

Wiki ile Yoeli ndiye aliyekata nyama. Jitihada alikuwa nazo. Lakini alikuwa anagonga mifupa, vipande vinatoka vimechanika, na wale wa Njiro walikula mara moja wakasema watarudi. Mimi nilikuwa nasikia panga lake kupitia ukutani, ta, ta, ta, na kila pigo lilikuwa linanihusu.

Wiki ya pili Lesian aliishika ndimu bila kuiangusha. Mwanzoni mwa ya tatu aliiminya, likatoka tone moja. Alilitazama lile tone kwenye kiganja, akalilamba.

"Chachu," alisema. "Ndiyo maana mnaitia kwenye wadudu."

Nilirudi bandani kwangu nikakaa nyuma ya pipa la maji mpaka nikatulia.

Jumapili ya kipaimara nilivaa gauni langu la Idi. Olmotonyi ni baridi kuliko mjini, upepo unashuka kutoka kwenye misonobari na kuingia kwenye mikono ya nguo. Kulikuwa na turubai la buluu na nyeupe, viti vya kukodi, kwaya imetoka kanisani haijaacha kuimba, na masufuria ya loshoro, yale makande ya maziwa ya mgando, makubwa ya kuogeshea mtoto. Nalepo mwenyewe alikuwa amekaa mbele na gauni jeupe na saa mpya.

Kondoo walikuwa watatu. Siku mbili kabla, Lesian alikuja bandani akaniuliza kama mwanangu, Shamsudin, ana nafasi asubuhi ya Jumapili. Nikauliza ya nini. "Achinje yeye," alisema, "ili na wewe ule." Basi Shamsudin alikwenda alfajiri, akachinja wote watatu kwa jina la Mungu, na hakuna Mlutheri aliyelalamika.

Sasa kondoo wamechomwa, wamelazwa juu ya majani ya mgomba kwenye meza ndefu, na wazee wa ukoo wamekaa mstari wa mbele na fimbo zao katikati ya magoti. Yoeli alisimama kando ya meza na kisu. Watu walikuwa wanajua habari ya mkono. Walikuwa wanajua na habari ya mama wa samaki pia, niliona wanavyonigeukia. Nilikaa wima. Kama mkono ule ungeshindwa mbele ya watu hawa, nilitaka wajue wanamtazama nani.

Yoeli alianza kusogea kwenye meza. Lesian akanyoosha mkono wa kulia.

"Lete."

Kisu kikabadilisha mkono. Niliona vidole vinne vinafunga mpini. Kidole gumba kikabaki kimesimama kidogo, kikasita, kisha kikakunjika taratibu na kukaa mahali pake. Lesian akaweka mkono wa kushoto juu ya kondoo wa kwanza. Akatafuta maungio ya bega. Zamani angeyapata kwa mguso mmoja. Safari hii alitafuta mara ya pili, mara ya tatu. Kisha ncha ikaingia na bega likaachia, halikuchanika.

Akagawa. Hiki cha mzee yule, hiki cha mjomba, hiki cha wakwe, hiki cha mchungaji. Alikuwa polepole kuliko nilivyomzoea, jasho limemjaa usoni, lakini hakukosea mtu. Akafika kwenye kondoo wa tatu, aliye mnono kuliko wote. Kondoo wa kwao wana mikia ya mafuta, mipana kama mto wa kulalia. Akaukata ule mkia mzima, akauweka kwenye sahani, akaiacha meza.

Nilidhani anaupeleka kwa mama wa Nalepo, mwenye sherehe. Akapita mstari wa wazee, akapita wakwe, akapita kwaya, akaja kusimama mbele yangu. Sahani aliishika kwa mkono wa kulia, na kidole gumba kimeikandamiza juu.

"Mama Shamsudin," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka viti vya nyuma. "Mkia wako ulikuwa na mwiba. Huu hauna. Kula."

Watu wote walinigeukia, wanasubiri mama mwenye mdomo amjibu. Nikapokea sahani kwa mikono miwili, nikala mkia wote, na sikusema neno.